Panoti imemshika mume wangu, na mnajimu anataka milioni sita

Masi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Upanga, Dar es Salaam. Sisi ni Wagujarati wa hapahapa, tumezaliwa hapa na wazazi wetu wamezaliwa hapa. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Tangu mwaka juzi mambo yamekataa kabisa. Kontena lilikaa bandarini mpaka gharama zikala faida yote, mteja wetu mkubwa akahamia duka la jirani, kisha baba mkwe akaanguka kwa kiharusi.

Mama mkwe, tunamwita Ba, akampigia simu mnajimu mmoja wa Rajkot, India. Yule bwana aliuliza jina la mume wangu na rashi yake tu, yaani kundi la nyota ambamo Mwezi ulikuwa alipozaliwa. Tulipomwambia Mwezi wake uko Meena, yaani Samaki, akasema palepale kwamba hiyo ni sade sati, panoti kubwa, kipindi kirefu cha taabu za Shani, sayari ya Zohali, na sasa yuko katikati, mahali pabaya kuliko pote. Dawa ni pete ya nilamu, yakuti ya buluu ya karati tano, pamoja na puja, ibada ambayo makuhani watasoma mantra ya Shani mara 23,000 kwa niaba yake. Jumla ni kama shilingi milioni sita. Akasema tukipitisha mwezi huu, litakalotokea tusimlaumu. Ba anataka niuze bangili zangu za harusi.

Mimi nimeanza kusoma mantra mwenyewe nyumbani, Om Praam Preem Praum Sah Shanaischaraya Namah, niliyoipata YouTube. Nimeambiwa nisome siku arobaini bila kukosa. Lakini nakosa. Mtoto akiugua nakosa, na nikiwa kwenye siku zangu Ba hataki nikae mbele ya miungu. Matamshi nayo sina hakika nayo, na mnajimu amenionya kuwa mantra ikitamkwa vibaya inamgeukia msomaji. Sasa naogopa kusoma na naogopa kuacha.

Mume wangu anafunga kila Jumamosi mpaka jua lizame. Ana sukari na anameza vidonge. Jumamosi iliyopita alianza kutetemeka dukani, jasho linamtoka, kijana wetu wa dukani akamkimbilia na soda. Na nikueleze ukweli wote: huyo kijana hatujamlipa miezi miwili, kwa sababu tunajibana tupate hela ya puja. Hajalalamika.

Jirani yangu Mswahili ananiambia hata katika falaki yao Zohali ni nyota ya nuhusi, na Jumamosi ni siku yake, nisidharau. Shemeji zangu wanasema yote ni ujinga. Mimi nimekua na haya mambo, siwezi kuyaita ujinga. Nimeambatanisha kundli yake, ile ramani ya nyota za kuzaliwa kwake. Tufanye nini? Hata usingizi sina.

Mama wa Upanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na Mungu amjalie baba mkwe nafuu.

Barua yako nimeisoma na kundli nimeitazama. Mimi nayaamini haya mambo kama wewe, kwa hiyo sitakwambia ni ujinga. Ila kuna mawili hayawezi kungoja nyota, acha nianze nayo.

La kwanza ni Jumamosi. Mtu anayemeza vidonge vya sukari akishinda na njaa, akatetemeka na kutokwa jasho, hizo ni dalili za sukari kushuka. Ikishuka zaidi ya hapo mtu huchanganyikiwa, huzimia, na anaweza kufa. Mumeo asifunge Jumamosi hii wala inayofuata. Aende kliniki amweleze daktari wake yote, pamoja na habari ya kufunga, maana huenda daktari anampimia dozi bila kujua kuwa siku moja kwa wiki hali kitu. Dini yetu haimlazimishi mgonjwa kufunga. Wagonjwa, wazee na wajawazito wamesamehewa tangu zamani, na Ba analijua hilo vizuri kuliko mimi. Mumeo akitaka kuitenga Jumamosi, aache nyama kama anakula, aache kusema uongo dukani, ale kwa wakati na ameze dawa.

La pili ni kijana wenu. Hapa nisikilize kwa makini.

Parashara, ambaye wanajimu wote wa kwetu humtaja kama baba wa elimu hii, anazipanga sayari kama watu wa jumba la mfalme. Jua na Mwezi ndio watawala. Mirihi ni jemadari, Utaridi ni mwana wa mfalme, Mushtara na Zuhura ni mawaziri. Shani, yaani Zohali, ni mtumishi. Kwa sababu hiyo, kwenye kundli yeye ndiye msimamizi wa vibarua, wachukuzi, wazee, vilema, maskini, na kila anayeishi kwa jasho lake chini ya amri ya mwingine. Mwenyewe anasimuliwa kuwa anachechemea. Sasa ninyi mmezuia mshahara wa mtumishi ili mpate fedha za kumtuliza msimamizi wa watumishi. Hakuna puja inayoweza kusimama juu ya msingi huo, hata ikisomwa na makuhani mia.

Mlipeni. Mlipeni yote ndani ya wiki hii, na mumeo amwombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Kusema hajalalamika hakupunguzi deni, huenda anaogopa kupoteza kazi. Kama taslimu haipo, shusheni bei ya mzigo uliolala stoo muuze. Ikishindikana kabisa, heri bangili moja iende kwenye mshahara huo kuliko zote kwenda Rajkot. Huyo ndiye aliyemkimbilia mumeo na soda.

Tuje kwenye sade sati. Zohali hulizunguka Jua kwa karibu miaka 29 na nusu, kwa hiyo hukaa kama miaka miwili na nusu katika kila rashi. Sade sati ni pale anapopita rashi iliyo kabla ya Mwezi wako wa kuzaliwa, halafu yenyewe, halafu inayofuata. Ndiyo hiyo miaka saba na nusu. Kwa hesabu ya Lahiri, inayofuatwa na wengi, aliingia Meena tarehe 29 Machi 2025. Basi ni kweli, mumeo yuko katikati. Alianza Januari 2023, Shani alipoingia Kumbha, na atatoka karibu mwaka 2030. Wenye Mwezi Kumbha na Mesha wamo pamoja naye. Wa Simha na Dhanu wako kwenye panoti ndogo, ile ya miaka miwili na nusu.

Hizo ni rashi tano kati ya kumi na mbili. Kwa hesabu hiyo, karibu nusu ya wenye maduka wa Kariakoo wako chini ya Shani hivi sasa, wawe wanajua au hawajui. Wapo wanaofunga biashara na wapo wanaofungua tawi la pili. Huyo jirani aliyemchukua mteja wenu huenda naye yumo. Hata kalenda zenyewe hazikubaliani: hekalu la Thirunallar kule kusini mwa India, ambako watu humiminika kwa ajili ya Shani, hufuata kalenda ya Vakya, na lilitangaza kwamba kwa hesabu yao angehama mwaka 2026. Sasa anayekuwekea mwezi mmoja wa mwisho kana kwamba kuna lango linafungwa, ameutoa kwenye kalenda ipi?

Tena si mara ya kwanza kwa mumeo. Kundli inaonyesha amezaliwa 1984. Kwa hiyo alipita panoti nyingine nzima kati ya 1993 na 2000. Muulize Ba, kwa upole na bila kumtega, miaka ile mwanawe alikuwaje. Alisoma, alirefuka, aliugua labda, akapona. Mama hukumbuka. Nadhani kujibu swali hilo kutamtuliza kuliko maneno yangu.

Jambo jingine ambalo bwana wa Rajkot hakuliuliza ni lagna, ile rashi iliyokuwa ikichomoza mashariki saa mumeo anazaliwa. Yake ni Vrishabha. Kwa mtu wa Vrishabha, Shani anamiliki nyumba ya tisa na ya kumi, bahati na kazi, na wanajimu humwita yogakaraka, sayari ya neema kubwa kwa lagna hiyo. Meena kwake ni nyumba ya kumi na moja, nyumba ya mapato. Mnajimu makini angewaambia faida itakuja kwa kuchelewa na kwa jasho, mumeo asiingie mikopo mipya, ahesabu mzigo wake mwenyewe na asimwachie mtu mambo ya bandari. Kumsoma mtu kwa Mwezi peke yake, kwa simu, kisha kutaja bei, huko si kusoma kundli.

Pete msinunue. Nilamu ni jiwe ambalo hata wanaoliuza kwa haki huliogopa. Desturi ni kulijaribu siku kadhaa kabla ya kulivaa kidole cha kati, wengine hulilaza chini ya mto na kuangalia ndoto zao, kwa sababu inaaminika lisipokubaliana na mtu humdhuru upesi. Jiwe la namna hiyo haliagizwi kwa WhatsApp. Na uaminifu wa sokoni nao ni mdogo: yakuti nyingi zimechomwa moto kuboreshwa rangi, nyingine zimejazwa kioo, na kwa picha huwezi kujua. Kama siku moja, mkiwa hamna deni la mtu, mtalitaka kwa hiari yenu, yakuti za buluu zinachimbwa hapahapa Tunduru na bonde la Umba, na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia.

Sasa mantra, ambayo ndiyo imekunyima usingizi.

Hofu ya matamshi ina asili yake. Katika simulizi za Veda, Tvashtri alifanya kafara apate mwana wa kumuua Indra, mfalme wa miungu. Akakosea mkazo wa sauti kwenye neno moja, maana ikapinduka, na mwana aliyezaliwa, Vritra, akauawa na Indra. Lakini kisa hicho ni cha mantra za Veda, zinazosomwa kwa sauti kupanda na kushuka, ambazo makuhani hujifunza kwa miaka mingi tangu utotoni. Hakimhusu mama anayemtaja mungu kwa jina lake sebuleni kwake. Na kila puja, hata ya kuhani bingwa, humalizika kwa kuomba radhi: mantrahinam, kriyahinam, bhaktihinam, kilichopungua katika mantra, katika tendo na katika ibada kisamehewe. Wazee walijua watu watakosea, wakauweka msamaha ndani ya ibada yenyewe.

Hiyo uliyoitoa YouTube ina silabi za bija, yaani za mbegu, Praam, Preem, Praum, na desturi ni kuipokea kwa mwalimu. Iweke kando. Kama uliweka nadhiri ya siku arobaini, peleka maua hekaluni Kisutu, omba radhi, nadhiri imekwisha. Chukua Om Shanaischaraya Namah, ambayo ni jina lake na kumsujudia, basi. Ukipenda kirefu kidogo, upo ubeti wa Navagraha Stotra, utenzi wa sayari tisa, unaonasibishwa na Vyasa, mwenye hekima wa kale: Nilanjana samabhasam raviputram yamagrajam, chhaya martanda sambhutam tam namami shanaischaram. Unamsifu mwenye rangi ya wanja wa buluu, mwana wa Jua, kaka wa Yama mungu wa mauti, aliyezaliwa na Chhaya. Ubeti huu watu wa kawaida wanausoma bila kuomba ruhusa ya mtu.

Namna ya kusoma ni hii. Jumamosi jua likishazama, washa taa ndogo ya mafuta ya ufuta. Kaa uso ukielekea magharibi, ndio upande wake. Shika mala ya shanga 108 mkono wa kulia, ilale juu ya kidole cha kati, usukume shanga kwa dole gumba kuja kwako, na kidole cha shahada kisiiguse. Ukifika kwenye ile shanga kubwa ya meru usiivuke, geuza mala urudi ulikotoka. Usikimbize. Mzunguko mmoja kwa mwendo wa kupumua vizuri hauzidi dakika kumi. Mawazo yatakwenda bandarini kwenye kontena, yarudishe kwenye jina. Siku nyingine za wiki, mzunguko mmoja ukipata nafasi, na siku uliyokosa umekosa, kesho unaendelea. Mtoto mgonjwa anakuja kwanza, na Shani hana ugomvi na mama anayekesha na mwanawe.

Kuhusu siku zako, kila nyumba ina desturi yake na sitaki ugombane na Ba kwa ajili hiyo. Siku hizo soma moyoni, popote ulipo, hata jikoni. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria, inasema uradi wa mantra unaipita kafara ya kawaida mara kumi, wa kunong'ona mara mia, na wa moyoni mara elfu. Kwa hiyo wewe unayesoma kimyakimya ukiosha vyombo hujapewa daraja la chini.

Na hapo ndipo jibu la puja lilipo. Hiyo 23,000 ni hesabu inayotajwa sana kwa Shani, mnajimu hakuibuni. Lakini panoti ni ya mumeo, na mdomo anao. Ni mizunguko kama 213 ya mala. Akisoma mzunguko mmoja kwa siku kabla ya kufungua duka, anamaliza kwa miezi saba, bure. Akisoma mitano, ni wiki sita. Mwambie achague mmoja, maana ana duka la kuendesha na baba wa kumtazama. Hizo milioni sita, hata sehemu yake tu, zitamlipia mzee mazoezi ya viungo, ambayo baada ya kiharusi hayafai kucheleweshwa.

Ba asiachwe nje. Mwanawe anapata taabu na mumewe yuko kitandani, lazima naye awe na la kufanya. Kwa watu wa Gujarat dawa ya panoti tangu zamani ni Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani. Inasimuliwa kwamba Hanuman alimtoa Shani kifungoni kwa Ravana, mfalme wa mashetani, naye Shani akaahidi kutowasumbua wanaomwabudu Hanuman. Kwenye hekalu la Salangpur kule Gujarat, Hanuman wa Kashtabhanjan ana Panoti chini ya mguu wake kwa umbo la mwanamke, na picha yake iko kwenye nyumba zetu nyingi. Muombe Ba aongoze Hanuman Chalisa, utenzi wa kumsifu Hanuman, kila Jumamosi jioni, nyote mkiwa pamoja, na baba mkwe asogezwe karibu asikie. Yeye aongoze, ninyi mfuate.

Vilevile amsimulie mumeo kisa cha Mfalme Vikramaditya, kama hajamsimulia tangu utotoni. Mfalme alimdharau Shani mbele ya baraza lake, akapotea ugenini, akasingiziwa wizi wa mkufu, akakatwa mikono na miguu. Aliyemwokota ni mkamua mafuta. Akaketishwa juu ya kinu, kazi yake kumswaga ng'ombe azunguke, na mfalme huyo akawa anaimba usiku akiwa kazini. Miaka saba na nusu ilipokwisha Shani akamrudishia viungo vyake na ufalme. Mumeo anapenda kuketi ofisini na simu tatu. Miaka hii akae kwenye kaunta, apokee mzigo mwenyewe, ajue kila msumari uko wapi.

Sadaka ya Jumamosi endeleeni nayo kwa kadiri yenu. Vitu vya Shani ni ufuta mweusi, mafuta, chuma, blanketi, viatu, mwavuli. Kariakoo hamhitaji kutafuta wa kumpa: wasukuma mikokoteni wanapita mbele ya duka lenu na ndala zimekatika. Jozi moja ya viatu kwa mwezi inatosha, apewe mtu mkononi na kwa heshima, bila kumpiga picha. Wengine watawaambia mlishe kunguru, kwa kuwa ndiye kipando chake. Kule India sawa. Kunguru weusi wa Dar ni wageni, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na leo wanavamia viota na vifaranga vya ndege wengine. Hao wameshashiba, chakula chenu kipeni watu.

Simu ya Rajkot apige mumeo, si wewe wala Ba. Aseme asante, tumeamua kufanya ibada wenyewe, akate. Akipiga tena kutisha, mzuieni namba. Na majibu ya kliniki yakitoka, niandikie nijue sukari yake imesimama wapi.

Masi